Reaper na Scarlett Solo ndani ya chumba cha cherehani, Mikindani

Kaswida yetu ya kwanza ilipotea kwenye kompyuta ya watu. Tulikuwa wanawake saba. Tulipanda daladala kutoka Mikindani hadi Mtwara mjini, madufu manne tumeyapakata, tukalipa shilingi 80,000 kwa kaswida moja katika studio ambayo jina lake sina haja ya kulitaja. Tuliimba tangu saa nne asubuhi mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, tukatoka na faili moja la MP3 kwenye flashi, tumefurahi. Baada ya miezi minne shangazi yangu, ambaye ndiye mwimbishaji wetu, akagundua kwamba neno moja la Kiarabu kwenye ubeti wa tatu limetamkwa vibaya hata maana imegeuka. Akataka lirudiwe. Tulipokwenda tukaambiwa kompyuta ilisafishwa, kazi za zamani zote zimefutwa. Na kwenye ile MP3 neno lile halikuweza kutolewa, kwa sababu sauti zetu saba na madufu yote vilikuwa vimeshakorogwa pamoja kama sukari ndani ya chai.

Shangazi alinyamaza njia nzima ya kurudi. Tuliposhuka, akiwa anakung'uta buibui lake, akaniuliza, "Mwanangu, hivi sisi hatuwezi kuwa nayo wenyewe?"

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 43, sikusomea muziki wala kompyuta. Huu ni mwezi wa tisa najifunza kurekodi, jioni nikishafunga kazi. Ninachokipima hapa ni vitu viwili nilivyovitumia kuliko vyote, yaani programu ya kurekodia sauti iitwayo Reaper na saundikadi ya Scarlett Solo ya kizazi cha tatu. Lakini kilichobadilisha sauti yetu zaidi ya vyote viwili ni chumba, na hapo nitakaa muda mrefu kidogo, maana hakuna aliyeniambia mapema.

Nianze na hela niliyoipoteza. Shilingi 45,000 zilikwenda kwa maiki yenye stendi ndogo na waya wa pini nyembamba, ile unayochomeka moja kwa moja kwenye tundu la laptopu. Sanduku lake lilikuwa na picha ya studio nzima. Nilipochomeka nikasikia feni ya laptopu, nikasikia umeme unavuma, na kwa mbali nikasikia sauti yangu. Mpwa wangu, anayetengeneza biti za singeli chumbani kwake kule Chikongola, alinieleza vizuri: lile tundu limewekwa kwa ajili ya kuongea na watu kwenye simu za video, na limekaa karibu na vyuma vyote vya kompyuta vinavyopiga kelele za umeme. "Mama mdogo," akasema, "maiki hata iwe nzuri namna gani, ukiipitisha hapo imeharibika." Kwa hiyo anayeanza, kabla hajanunua maiki yoyote, anunue kwanza saundikadi.

Saundikadi ni kisanduku kinachokaa kati ya maiki na kompyuta, kinaunganishwa kwa waya wa USB. Kazi yake ni kuipa nguvu sauti dhaifu ya maiki na kuigeuza kuwa namba. Kwa kawaida inaipima sauti mara 44,100 kila sekunde, kipimo kilekile kinachotumika kwenye CD tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 1982. Yangu ni Scarlett Solo ya Focusrite, kampuni ya Uingereza. Niliipata iliyotumika kutoka Dar es Salaam, ikaja na basi kama kifurushi, shilingi 280,000. Ina tundu moja la maiki, tundu moja la gitaa au kinanda, tundu la hedifoni, na kwa nyuma matundu mawili ya kuchomeka spika. Haina waya wa umeme, inakula umeme wa laptopu kupitia USB. Kwetu jambo hilo si dogo. Mara mbili umeme umekatika tukiwa katikati ya kurekodi, taa ikazimika, akina mama wakaendelea kuimba gizani, na kila kitu kikaingia, kwa sababu laptopu ilikuwa na chaji yake na kisanduku kilikuwa kinaitegemea hiyo.

Kukatika huko kulinifundisha jambo jingine. Kulikuwa na mvumo mwembamba ambao nilikuwa nimeuzoea, nikidhani ni wa maiki. Umeme ulipokatika ukapotea. Kumbe ulitoka kwenye chaja ya laptopu. Tangu siku hiyo nachaji laptopu mpaka ijae, nachomoa chaja, ndipo narekodi. Sikulipa hata senti kwa dawa hiyo.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye Solo ni mduara wa taa unaozunguka kitufe cha kuongeza nguvu ya maiki. Ukiimba vizuri unawaka kijani, ukikaribia kuzidisha unakuwa rangi ya chungwa, ukizidisha unakuwa mwekundu. Mtu asiyejua kusoma vipimo vya kwenye kioo anaelewa papo hapo. Shangazi hajui Kiingereza, lakini wiki ya pili alikuwa ananiambia, "Punguza, imeona haya." Na nyekundu si onyo la mapambo. Sauti ikizidi pale inakatwa kichwa, na iliyokatwa kichwa hairudi, hakuna programu itakayokurudishia kama ilivyokuwa.

Dufu ndilo mtihani. Sauti ya mtu hupanda taratibu, lakini kiganja kikigonga ngozi mlio unaruka ghafla mara kadhaa kuliko kawaida. Siku za mwanzo nilikuwa namwambia mpigaji, "Hebu piga tupime," naye anapiga kwa adabu. Wimbo ukipamba moto anapiga kwa moyo, taa inakuwa nyekundu, kazi imeharibika. Siku hizi nampimia kwenye sehemu ya wimbo yenye fujo kuliko zote, tena namwambia apige kama yuko kwenye Maulidi, halafu napunguza kidogo zaidi. Usiogope sauti ikionekana ndogo kwenye kioo. Ukirekodi kwa biti 24 (hizi si biti za singeli, ni urefu wa namba inayoandika kila kipimo cha sauti) nafasi kati ya sauti ndogo na kubwa ni pana sana, kinadharia kama desibeli 144, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti, wakati biti 16 za CD zinatoa kama 96. Mimi naacha vilele vifike kwenye desibeli kumi na mbili chini ya sifuri, na sifuri ndipo sauti inapokatwa kichwa, basi. Utaongeza baadaye, na kuongeza hakuharibu kitu.

Maiki tunayotumia ni Shure SM58, ile yenye kichwa cha duara cha wavu, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1966 na hadi leo iko kila jukwaa. Ilikuwa ya binamu yangu aliyewahi kupiga bendi. Haihitaji ile swichi ya volti 48 iliyo kwenye saundikadi, hiyo ni ya maiki za aina ya kondensa. Wengi watakuambia kondensa ndiyo ya studio. Ni kweli inasikia vitu vidogo sana, lakini inasikia pia jogoo wa jirani, bodaboda na sufuria. Kama chumba chako si kimya, SM58 ni rafiki mkubwa zaidi. Inataka tu uzungushe kitufe cha nguvu mbali kidogo kuliko unavyotegemea, na uimbe karibu. Bandia zake ni nyingi mno madukani, kwa hiyo ukiona mpya kwa bei ya sahani ya wali, iache.

Sasa chumba.

Tulianza kurekodi sebuleni kwa shangazi. Nyumba yake ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole. Nilidhani tumepata studio ya bure. Malori ya saruji yanayotoka Msijute hupita barabarani pale mchana kutwa, na ndani ya sebule ile huyasikii. Kwa kuzuia kelele za nje, ukuta mnene mzito haufananishwi na kitu. Lakini tulipoimba, rekodi ikatoka kama tuko ndani ya tangi la maji. Nilirudia siku nne. Nilibadilisha upande, nilisogeza maiki, nilimlaumu aliyeniuzia saundikadi, Mungu anisamehe.

Mpwa wangu alipokuja hakugusa kompyuta. Alisimama katikati ya sebule akapiga kofi moja. Tukasikia mlio mfupi unatetemeka baada ya kofi, kama waya uliovutwa. "Hiyo hapo," akasema. Sakafu ya saruji, kuta za lipu ngumu, dari tupu, hakuna kitu kinachokula sauti. Sauti inagonga ukuta, inarudi, inagonga mwingine, inarudi tena, na maiki inazikusanya zote pamoja na ile ya kwanza. Kuzuia kelele za nje ni kazi moja na kutuliza mwangwi wa ndani ni kazi nyingine, na kitu kinachofanya moja mara nyingi hakifanyi ya pili. Laiti ningeijua tofauti hiyo siku ya kwanza.

Tukajaribu trei za mayai, kwa sababu kila mtu anazisema. Wajukuu wa shangazi walizunguka kwa wauza chipsi wakakusanya zaidi ya thelathini, tukazibandika ukuta mmoja. Zilipunguza ukali wa herufi za "s" na "sh" kidogo sana. Uzito wa sauti, ule mvumo wa tangi, ulibaki palepale. Karatasi nyepesi haina cha kushika sauti nzito. Tukatundika khanga. Khanga ni nyembamba, nayo ikafanya kazi ileile ndogo. Hapo ndipo nilipokaa kwenye kiti kazini kwangu, mguu kwenye kanyagio la cherehani, nikaita "Ee!" bila sababu, na sauti ikafa papo hapo.

Chumba changu cha ushonaji kina upana wa hatua tano kwa nne. Ukuta mmoja una majora ya vitambaa yamepangwa mpaka juu. Upande wa pili kuna kamba yenye magauni ya wateja, mazito, yamebanana. Pembeni kuna viroba viwili vya vipande vya nguo ambavyo nilikuwa nimepanga kuvitupa. Chini kuna mkeka na kipande cha zulia. Nilipiga kofi. Kofi likawa kofi, hakuna mkia. Usiku uleule nilimpigia shangazi simu.

Tangu hapo tunarekodi kwa fundi. Nimesogeza majora mengine hadi kwenye pembe, kwa sababu sauti nzito hupenda kujikusanya pembeni mwa chumba, na kitu kinene kilichojaa ndicho kinachoipunguza. Viroba vya vipande viko pembe ya pili, na sitavitupa tena. Nyuma ya mwimbaji tunasimamisha godoro, maana maiki inatazama upande huo. Nyuma ya maiki tunaacha dirisha, kwa sababu SM58 inasikiliza zaidi mbele na kidogo sana nyuma, kwa hiyo mgongo wake nauelekeza kwenye kelele. Ukuta wa chumba changu ni wa tofali za kawaida na paa ni bati, sina kinga ya barabara kama sebuleni kwa shangazi. Kwa hiyo tunaanza baada ya Isha, kwenye saa tatu usiku hivi, malori yakishapungua. Mvua ikinyesha hakuna kurekodi, bati linashinda kila kitu. Huku kusini msimu wetu wa mvua ni mmoja, tangu mwisho wa mwaka mpaka Aprili hivi, na miezi hiyo nimeipangia kazi ya kuchanganya sauti zilizokwisha kurekodiwa.

Kama wewe si fundi nguo, ingia kabatini kwako. Sisemi mzaha. Fungua kabati lililojaa nguo, simama kulipa mgongo, weka maiki mbele yako na godoro nyuma ya maiki kwa mbali kidogo. Utapata sauti ambayo maiki ya milioni moja haitakupa sebuleni.

Kichujio cha pumzi, kile kinachozuia "p" na "b" zisipige maiki kama ngumi, nilikitengeneza kwa soksi ndefu ya kike niliyoivuta kwenye duara la kudarizia. Kinasimama upana wa kiganja kimoja mbele ya maiki, na mwimbaji anakaa kiganja kingine nyuma yake. Akisogea karibu sana sauti inakuwa nzito, nzito mno. Nimechora alama ya chaki sakafuni, ileile ya kukatia nguo.

Hedifoni zinunuliwe zile zinazofunika sikio lote na kufunga nyuma, ili sauti unayoisikiliza isivuje ikaingia kwenye maiki. Na kwenye hedifoni ndipo lilipotokea tatizo lililotupotezea jioni nzima. Shangazi alivaa, akaanza kuimba, akazivua. "Kuna mtu ananifuata nyuma," akasema. Akaimba tena, akazivua tena. Hakutaka kabisa kuendelea.

Maelezo ni haya. Sauti inapoingia kwenye kompyuta na kurudi sikioni inachelewa, kwa sababu kompyuta inaipokea kwa mafungu. Fungu likiwa la sampuli 256, yaani vipimo 256 vya sauti, kwa kipimo cha 44,100 kwa sekunde, ni kama sekunde 0.006, huisikii sana. Likiwa la sampuli 1,024 ni kama sekunde 0.023 kwenda tu, bado hujahesabu kurudi, na mwimbaji anachanganyikiwa. Solo ina swichi ya kumpelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye maiki bila kupitia kompyuta, nami nilikuwa nimeiwasha. Lakini kwenye Reaper pia nilikuwa nimeacha traki, yaani mstari unaobeba sauti moja ndani ya programu, ijisikilize yenyewe. Kwa hiyo shangazi alijisikia mara mbili, mara moja papo hapo na mara ya pili kwa kuchelewa. Aliyemfuata nyuma alikuwa yeye mwenyewe. Nilizima ile ya Reaper, nikaacha ya kwenye kisanduku, na tatizo likaisha. Wakati wa kurekodi fungu naliweka 256, wakati wa kuchanganya nalipandisha 1,024 ili laptopu yangu yenye RAM ya GB 4 ipumue. Hakikisha pia unaweka draiva ya ASIO, programu ndogo inayowezesha kompyuta na saundikadi kupeana sauti bila kuchelewa sana, inayotoka kwa waliotengeneza saundikadi yako, na ndani ya Reaper unaichagua hiyo.

Reaper yenyewe sasa. Mtengenezaji wake mkuu ni Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp, ile programu tuliyosikilizia muziki kwenye vibanda vya intaneti enzi zile. Kuipakua hakuli bando, ni ndogo kuliko video fupi ya harusi. Unapewa siku 60 za kuijaribu, na katika siku hizo hakuna kilichofungwa. Siku 60 zikiisha haijifungi, inakukumbusha tu kila ukiifungua kwamba hujalipa. Leseni ya mtu binafsi, au ya biashara ambayo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 20,000, ni dola 60. Ya wakubwa ni dola 225. Sisi tulilipa siku ya 58 kwa kadi ya benki ya mpwa wangu, kila mwanakikundi alichanga, na shangazi alisisitiza ilipwe kabla ya tarehe kufika. Hatuwezi kurekodi sifa za Mtume kwa kitu cha wizi, ndivyo alivyosema, na mimi nakubaliana naye kabisa. Nasema hivi kwa sababu programu za kuvunjwa kufuli zinagawiwa mitaani kama njugu, na nyingine zinakuja na virusi.

Kwa kazi yetu Reaper imefaa kuliko nilivyotarajia. Mambo ninayotumia kila siku ni machache: Ctrl na T kufungua traki mpya, kitufe chekundu kwenye traki kuiambia ijiandae, Ctrl na R kurekodi, kitufe kirefu cha nafasi kusimamisha, S kukata, Ctrl na Z kurudisha nilichoharibu. Kwa hayo sita mtu anaweza kurekodi kaswida nzima. Kitabu chake cha mwongozo kina kurasa zaidi ya mia nne na ni cha bure. Kenny Gioia ametengeneza video nyingi za kuifundisha, fupifupi, kila moja jambo moja. Maandishi niliyonayo kwenye menyu ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha darasa la saba, kwa hiyo nimeweka daftari: upande mmoja neno la kwenye kioo, upande wa pili nimeandika kwa Kiswahili linafanya nini. Daftari limefika ukurasa wa 31.

Nani asiichukue? Anayetaka kutengeneza biti tangu mwanzo, ngoma za kompyuta, besi, kinanda. Reaper haikuletei maktaba ya milio. Mpwa wangu anatumia FL Studio ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, na ukimwona anavyopanga singeli yake utaelewa kwa nini haihami. Ujue tu kwamba toleo lake la majaribio litakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini hutaweza kuifungua tena mpaka ununue. Na anayetaka kurekodi sauti moja tu, mawaidha au kisomo, aanze na Audacity. Ni ya bure kabisa na nilijifunzia hapo wiki tatu za kwanza.

Jinsi tunavyofanya na tundu moja la maiki. Kwanza shangazi na dufu kiongozi wanarekodi pamoja wimbo mzima, kama ramani tu. Halafu kila dufu linarekodiwa peke yake, mpigaji akiwa anasikiliza ramani kwenye hedifoni. Kisha shangazi anaimba upya peke yake, kisha waitikiaji. Waitikiaji tunawasimamisha nusu duara, wenye sauti kali hatua moja nyuma, wanaimba mara tatu, kila mara kwenye traki yake. Wakiwekwa kushoto, katikati na kulia, wanawake sita wanasikika kama kumi na wanane. Mwisho ramani inafutwa. Nilijaribu mwanzoni kutumia metronomu, ile tiki-tiki ya kompyuta, kwa sababu kila somo linasema uanze nayo. Kaswida yetu ikafa. Dufu la kwetu linakimbia kidogo ubeti ukipanda na linatulia kwenye kiitikio, na huo mkimbio ndio wimbo wenyewe. Kwa bongofleva tumia metronomu. Kwa ngoma za watu wanaosikilizana, mwachie dufu kiongozi.

Kuchanganya sauti bado najifunza, sitajifanya mtaalamu. Kwenye kila sauti ya mtu nakata mvumo wa chini ya hezi 90, yaani sauti nzito kabisa, kwa ikwalaiza ya humohumo kwenye Reaper, kifaa cha kupunguza au kuongeza sauti nzito na nyembamba, naweka kidogo kompresa, kifaa cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, ili maneno ya chini yasizame, na mwangwi mdogo wa kompyuta. Chumba kikiwa kikavu mwangwi unauchagua wewe. Halafu napeleka kwa kijana mwenye bajaji anayepaki karibu na kwangu, kwa sababu kwenye hedifoni kila kitu ni kizuri. Spika za bajaji yake zilinionyesha kwamba madufu yangu yalikuwa yanafunika maneno yote. Nikapunguza, nikapeleka tena, mara tatu. Ukituma kwenye WhatsApp, tuma kama dokumenti, ili faili lifike kama lilivyo.

Kuhifadhi ndiko kulikonifanya nianze, kwa hiyo hapa sina mchezo. Traki moja ya biti 24 inakula karibu MB 8 kwa dakika. Kaswida ya dakika 6 yenye traki 12 ni kama MB 570, na ukihesabu marudio inaweza kuwa mara mbili ya hapo. Kila usiku tukimaliza nanakili folda nzima, siyo MP3 peke yake, kwenye diski ya nje inayokaa kwangu na kwenye flashi inayokaa kwa shangazi, ndani ya kasha lake la udi.

Nikipewa nyota tano, Reaper naipa zote tano kwa kazi ya kurekodi watu wanaoimba na kupiga. Scarlett Solo naipa nne, na hiyo moja iliyobaki si kosa lake: ina tundu moja la maiki na sisi ni kikundi. Anayerekodi peke yake na gitaa lake haitampungukia kitu. Sisi tunachangishana kwa ajili ya Scarlett 2i2 yenye matundu mawili ya maiki, ili shangazi na dufu waweze kuingia pamoja kila mmoja na traki yake, na Solo itakwenda kwa binti wa dada yangu aliyeko Lindi anayejifunza gitaa.

Ile kaswida ya kwanza tuliirekodi upya mwezi uliopita, yote, kwa usiku mitatu. Wiki moja baadaye shangazi alinipigia simu baada ya Alfajiri. Neno jingine, ubeti wa tano safari hii, irabu imevutwa mahali pasipovutwa. Alikuja usiku, akasimama kwenye alama ya chaki, akavaa hedifoni. Nilikata kipande cha traki yake peke yake, nikamchezea mstari uliotangulia, akaimba neno lile mara mbili. Tukachagua la pili. Ilichukua dakika nne. Alisikiliza ubeti mzima akiwa amefumba macho, kisha akasogeza kiti akakaa.

"Haya," akasema. "Sasa fungua mpya. Kuna moja ya bibi yako, naikumbuka beti saba."